Hoi An na Begi la Mgongoni: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Afrika Mashariki

Ukiniuliza mji wa kuanzia kwa mtu anayekwenda Asia ya Kusini-Mashariki na begi moja mgongoni na pesa za kubana, nitakutajia Hoi An, katikati ya Vietnam. Viza unaiomba ukiwa nyumbani, mji ni tambarare, baiskeli inatosha kukufikisha karibu kila mahali, na sahani ya chakula barabarani haizidi sana bei ya mama lishe wa Kariakoo. Tatizo lake ni watalii. Ni wengi kupita kiasi, na anayefika bila mpango huishia kutazama migongo ya wenzake, kula kwenye mikahawa ya menyu za picha, kisha huondoka akilalamika kwamba ni pazuri lakini ghali.

Mimi nasema hivi: lala nje ya mji wa kale, uingie humo alfajiri na usiku tu, mchana uwe mashambani au ufukweni, na ukae siku nne kwa uchache. Mengi ninayoeleza hapa chini yanajengwa juu ya mpango huo.

Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

Februari hadi Aprili ndiyo miezi mizuri: mvua chache, joto la kuvumilika. Mei hadi Agosti bahari hutulia, lakini jua la saa saba mchana hata mtu wa Mombasa atalikimbia. Septemba mvua zinaanza, na Oktoba na Novemba ni miezi ya mafuriko. Usidhani ni neno la kutishia tu. Mto Thu Bon ukijaa, maji huingia moja kwa moja kwenye mitaa ya mji wa kale, kama ilivyotokea mwishoni mwa Oktoba 2025, watu wakawa wanatembea kwa mitumbwi mbele ya maduka. Ukienda miezi hiyo kwa sababu nauli ni nafuu, chukua chumba cha ghorofani na usilipie mapema safari yoyote ya baharini.

Viza, kadi ya manjano na njia ya kufika

Tangu tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25, ya kuingia mara nyingi ni dola 50, na pesa hazirudi hata ukikataliwa. Tovuti ya serikali huishia na .gov.vn. Nyingine zote zenye bendera na nyota ni za mawakala, watakutoza mara mbili au tatu kwa kazi ileile. Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Herufi moja ikikosewa unaweza kurudishwa kaunta ya ndege kabla hata hujaondoka. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Kimaandishi jibu hutoka ndani ya siku 3 za kazi, lakini wewe jipe wiki mbili.

Fomu itakuuliza anwani ya unakofikia. Hapo wengi hukwama, kwa sababu ramani moja itakuambia Hoi An iko mkoa wa Quang Nam na nyingine itasema Da Nang. Zote zina sababu: tarehe 1 Julai 2025 mkoa wa Quang Nam uliunganishwa na jiji la Da Nang, na Hoi An sasa imo ndani ya jiji hilo. Andika Da Nang.

Hoi An haina uwanja wa ndege wala stesheni ya treni. Unashukia Da Nang, kilomita kama 30 kaskazini. Kutoka kwetu njia za kawaida ni kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, au Nairobi hadi Bangkok, kisha ndege ya pili. Angalia jambo moja kwa makini: ukinunua tiketi mbili tofauti zinazokutana Bangkok, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi na kuingia upya, maana yake upite uhamiaji wa Thailand. Hakikisha mapema pasipoti yako inahitaji viza gani huko. Na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano isikae ndani ya begi linalokwenda chini ya ndege. Thailand huidai kwa wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na huenda ukaihitaji pia ukirudi.

Pesa: jifunze sifuri

Sarafu yao ni dong, na dola moja ni kama dong 26,000. Mtanzania amepata bahati: kata sifuri moja, umepata shilingi kwa makadirio. Dong 50,000 ni kama shilingi 5,000. Mkenya akate sifuri tatu azidishe kwa tano: 50,000 ni kama shilingi 250.

Noti zao nyingi ni za plastiki, na ile ya 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za buluu. Usiku, chini ya taa za rangi, ukiwa na haraka, utatoa laki tano ya kulipia kahawa. Tenga laki tano zote kwenye mfuko wake.

Beba kadi halisi ya benki yenye Visa au Mastercard na uwajulishe benki yako kwamba unasafiri. Kadi pepe ya M-Pesa ni nzuri kwa kulipia hosteli mtandaoni, ila haitoi pesa kwenye ATM. Dola za akiba ziwe safi na zisizokunjwa, ubadilishe benki.

Kwa siku, msafiri wa kitanda cha chumba cha pamoja anaweza kuishi vizuri kwa dong 500,000 hivi: kitanda kati ya 150,000 na 250,000, milo mitatu ya barabarani 150,000 au pungufu, kahawa, maji, maegesho ya baiskeli, na kinachobaki ni cha tamaa. Bajeti hii haigusi nguo za kushonesha. Hizo zina sura yake.

Kutoka uwanjani hadi kitandani

Ukitoka tu pale Da Nang, nunua laini ya simu. Viettel inashika vizuri hata visiwani, na utaombwa pasipoti. Pakua Grab, ambayo ni kama Bolt ya kule. Gari hadi Hoi An ni kati ya dong 300,000 na 400,000, kwa hiyo ukikutana na wenzako wawili kwenye foleni ya mizigo, ungana nao. Hosteli nyingi zina basi dogo la kuchangia kwa bei ya chini zaidi. Waandikie siku moja kabla.

Kama umefika asubuhi na begi si zito, shuka njiani kwenye Milima ya Marumaru. Ni vilima vya mawe vyenye mapango na mahekalu ndani, na kiingilio ni kama dong 40,000.

Sasa pa kulala. Mji wa kale wenyewe ni mdogo, unauvuka kwa miguu kwa robo saa. Ukilala ndani yake unalipia jina la mtaa, na kelele unapewa bure. Tafuta kati ya mji na ufukwe wa An Bang, kwenye barabara ya Hai Ba Trung au vichochoro vinavyoingia kwenye mashamba ya mpunga. Huko kuna nyumba za familia zinazopokea wageni: baba na mama wanaishi chini, vyumba vya wageni viko juu, baiskeli iko bure kibarazani. Kwa watu wawili, chumba cha familia kinaweza kuwa nafuu kuliko vitanda viwili vya deka hosteli. Ukiwa peke yako na unataka kukutana na watu, hosteli ni bora.

Watachukua pasipoti yako kwa muda kukuandikisha polisi. Hiyo ni sheria, usigombane. Lakini usimwachie pasipoti mkodisha pikipiki kama dhamana, kamwe. Vua viatu mlangoni kama ulivyozoea nyumbani. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, beba adapta. Maji ya bomba usinywe.

Tembea kwa baiskeli

Kila mtu atakuambia ukodi skuta. Mimi nakuambia uiache. Vietnam inatambua leseni ya kimataifa ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1968, na wengi wetu tunasafiri na karatasi ambayo bima haitaikubali siku ya ajali. Isitoshe, hapa huihitaji: ufukwe wa An Bang ni kilomita 5 hivi, bustani za mboga za Tra Que ni 3, na mitumbwi ya Cam Thanh haifiki 5. Kuvuka barabara kuna kanuni moja: nenda taratibu, mwendo uleule, usisimame ghafla wala kukimbia. Pikipiki zitakupita pembeni. Ukisita katikati ndipo unapogongwa.

Mji wa kale hufungwa kwa vyombo vya moto saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na tena kuanzia saa 9 alasiri hadi usiku. Ufukweni utakuta watu wanapuliza filimbi na kukupungia uegeshe kwao. Uliza bei kwanza. Elfu kumi kwa baiskeli inatosha.

Mji wa kale: saa 12 asubuhi

Hoi An ilikuwa bandari ya wafanyabiashara tangu karne ya 15. Wachina na Wajapani walikuja na pepo za msimu, wakasubiri upepo ugeuke, wengine wakaoa wakabaki. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Kisha mto ukajaa mchanga, meli kubwa zikahamia Da Nang, na mji ukasahaulika ukiwa mzima. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, baada ya kazi kubwa ya watu kama msanifu wa Kipolandi Kazimierz Kwiatkowski, ambaye sanamu yake utaikuta hapo mjini.

Amka mapema siku ya kwanza. Saa 12 maduka yamefungwa kwa mbao zake za kulaza, kuta za manjano hazina mtu anayepigia picha, na wenye mji wanafagia, wanakunywa kahawa kwenye vigoda vya plastiki vya kimo cha mtoto. Shuka hadi soko kuu kando ya mto, samaki ndiyo kwanza wanapakuliwa. Ikifika saa 3, ondoka.

Tiketi ya mji wa kale kwa mgeni ni dong 120,000, ina vipande vya kuingilia nyumba kadhaa kati ya zile zilizoorodheshwa. Inunue siku utakayoitumia, alasiri. Nyumba ya Tan Ky usiikose. Imejengwa kwa mbao, ukumbi wake unatoka mtaa wa Nguyen Thai Hoc hadi upande wa mto, na ukutani wenyewe wameweka alama za vimo vya mafuriko mwaka hadi mwaka. Simama kando ya alama hizo ujipime. Mwaka mwingine maji yangekufika kifuani, mwingine yangekupita kichwa. Kisha inua macho: kwenye dari kuna tundu la mraba lenye kifuniko, ambalo bidhaa na samani hupandishiwa ghorofani maji yanapokuja.

Kipande kingine kitumie kwenye jumba la Wachina wa Fujian, mtaa wa Tran Phu, palipo na Thien Hau, mungu wa kike wa mabaharia, na ubani uliosokotwa kama springi ukining'inia darini. Daraja la Kijapani lilifunguliwa tena Agosti 2024 baada ya ukarabati, na unaliona vizuri ukiwa nje. Usipoteze kipande cha tiketi kwa kuingia ndani.

Usiku rudi kuona taa. Kila siku zinawashwa, lakini tarehe 14 ya mwezi wao wa kalenda ya mwandamo taa za umeme huzimwa sehemu kubwa na mto hujaa vishumaa. Pia hujaa watu. Mashua za mtoni zina bei iliyopangwa, karibu dong 150,000 kwa chombo cha watu hadi watatu, na kuna kibanda cha tiketi. Akina mama wanaouza vishumaa vya karatasi watakushika mkono. Kataa kwa tabasamu, endelea kutembea.

Kula, hasa kama huli nguruwe

Sahani ya mji huu ni cao lau: tambi nene za rangi ya kahawia hafifu, zenye kutafunika, mboga mbichi chini, vipande vya nyama juu, vikaukau vya kukaanga, na supu kijiko tu chini ya bakuli. Wenyeji husema tambi halisi hutaka maji ya kisima cha Ba Le na majivu ya kuni za Visiwa vya Cham. Bei ni 30,000 hadi 50,000 barabarani.

Ila nyama hiyo ni nguruwe. Na kwa Mwislamu nguruwe yumo katika mengi: kwenye mchuzi, kwenye mkate wa banh mi, hata kwenye mafuta. Mikahawa ya halali ipo michache, ya Kihindi zaidi, na Da Nang iko mingi kidogo. Njia rahisi ni kutafuta neno *chay* kwenye kibao: ni chakula kisicho na nyama kabisa, cha Kibudha, na utapata cao lau chay, tambi za supu, wali na tofu kwa bei ndogo kuliko kawaida. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo karibu kila mtaa hupika chay. Mahali pengine onyesha kwenye simu maandishi *không thịt heo*, yaani bila nyama ya nguruwe. Wali wa kuku, com ga, ni mtamu sana na wali wake wa manjano utakukumbusha nyumbani, lakini kuku huyo hakuchinjwa kwa bismillahi. Samaki na chaza za kuchoma ufukweni ndizo kimbilio, na huuzwa kwa uzito, kwa hiyo bei iandikwe kabla ya kuwekwa motoni.

Kahawa yao ni nyeusi nzito na maziwa ya kopo chini. Agiza ya barafu.

Kushonesha nguo bila kuumizwa

Hoi An ina mamia ya mafundi cherehani, na hapa ndipo bajeti hufa. Nenda siku ya kwanza au ya pili, si ya mwisho. Anayekuahidi suti kwa saa 24 ataimaliza kweli, na utaiona ilivyo ukifika nyumbani.

Usipelekwe na dereva wala mhudumu wa hosteli. Kamisheni yao imo kwenye bei yako. Ingia maduka matatu, uguse nguo zilizokwisha kushonwa, uzigeuze ndani: tazama mishono, tazama bitana, tazama kama pindo lina akiba ya kupanulia. Ukiambiwa kitambaa ni sufu, omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki majivu. Polista huyeyuka ikawa punje ngumu.

Peleka picha ya unachotaka, mbele na nyuma. Iandikwe kwenye risiti: kitambaa gani, bitana gani, vifungo vingapi, mara ngapi za kujaribisha. Toa kianzio kisichozidi nusu. Kwenye kujaribisha usisimame kama mwanajeshi: kaa, inama, inua mikono, funga vifungo vyote. Kola ikiachana na shingo, sema papo hapo. Suti ya maana huanzia kama dola 100 kwenda juu. Shati na suruali za kawaida sishauri, fundi wako wa mtaani anashona kwa nafuu. Kinacholipa ni koti, suti na nguo za sufu. Na kitu kimoja cha kufurahisha: beba kitenge chako. Mafundi wa pale wakiona vitenge huitana, na bei ya ushonaji peke yake ni maelewano.

Mchana: uchague moja kwa siku

Asubuhi ya My Son ndiyo safari moja nisingekubali uikose. Ni mahekalu ya matofali ya ufalme wa Champa, waliokuwa wakimwabudu Shiva, mungu wa Kihindu, yaliyojengwa kati ya karne ya 4 na ya 13, kilomita kama 40 kutoka mjini. Ndege za Marekani ziliyapiga mabomu mwaka 1969, na mashimo bado yapo kati ya magofu. Kiingilio ni dong 150,000. Chukua gari la alfajiri. Ya saa 2 utakuta mabasi ya Da Nang yamekutangulia, na jua halina huruma.

Visiwa vya Cham ni dakika 20 kwa boti ya kasi, vizuri kati ya Machi na Agosti. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu 2009, usije nayo. Mitumbwi ya mviringo ya Cam Thanh ni ya mianzi, inazungushwa kwa muziki wa spika kubwa. Watoto wataipenda. Wewe ukitaka utulivu nenda kabla ya saa 2 asubuhi au ipite. An Bang nenda jioni, na kuanzia Oktoba usiogelee mbali, mawimbi huvuta.

Utatazamwa

Waafrika si wengi Hoi An. Watu watakutazama, wataomba picha, na bibi wa sokoni anaweza kushika nywele zako bila kuomba. Mara nyingi ni udadisi tu, na *xin chào*, yaani hujambo, pamoja na kicheko hupunguza mambo. Kama hutaki kuguswa, rudisha kichwa nyuma na tikisa mkono, wataelewa. Suka kabla ya kuondoka nyumbani, maana msusi wa nywele zetu hutampata, na mafuta yako beba ya kutosha.

Kuondoka

Angalia tarehe ya mwisho ya viza, si ya kuingia. Kuzidisha hata siku moja kuna faini na usumbufu uwanjani. Nguo zilizobaki kwa fundi ziwe mkononi siku moja kabla. Akisema atazituma kwa posta, mwambie utasubiri. Taa za hariri hukunjwa kama mwavuli, zinaingia kwenye begi.

Ukiendelea kaskazini, usipande basi la usiku kwenda mji wa Hue. Rudi Da Nang uchukue treni. Tangu Machi 2024 kuna treni ya kitalii kati ya miji hiyo miwili kwa karibu dong 150,000, saa tatu hivi, ikikwea Mlima Hai Van juu kabisa ya bahari. Kutoka Da Nang bahari iko mkono wa kulia, kwa hiyo ukinunua tiketi omba kiti cha dirishani upande huo.